Vifaa vya kupanda farasi vianzie mgongoni mwa farasi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vifaa anavyohitaji mtu anayeanza kujifunza kupanda farasi, na ninawashukuru kwa kuipa nafasi mada ambayo magazeti huigusa mara chache. Mimi ni fundi wa ngozi. Nashona na kukarabati matandiko, hatamu na mikanda ya farasi, kazi niliyoirithi kwa baba yangu nikiwa bado kijana. Naandika kwa sababu orodha yenu ilianza pale ambapo mimi ningemalizia. Ilitaja suruali za kubana, ikafuata koti, glavu, buti na helmeti, kisha farasi mwenyewe akapewa sentensi mbili tu: awe na tandiko na awe na hatamu. Mwanafunzi akiisoma hivyo ataamini kwamba akishavaa vizuri amekamilika, na yaliyobaki ni kazi ya mwenye farasi.

Kwenye meza yangu ya kazi mambo huonekana tofauti. Mtu akianguka kwa sababu ya kifaa, ninacholetewa siku inayofuata karibu kila mara ni mkanda: mkanda wa kikuku, yaani ule unaobeba chuma cha kukanyagia, uliochomoka kwenye mshono, au mmoja wa ile mikanda mifupi inayoshika mshipi wa tandiko. Niruhusu basi nianze na mikanda hiyo, maana katika makala yenu haikutajwa kabisa.

Tandiko la mtindo wa Kiingereza hushikwa mahali pake na mshipi mmoja unaopita chini ya kifua cha farasi. Mshipi huo hufungwa kwa mabizimu kwenye mikanda mifupi iliyofichika chini ya bawa la tandiko, kile kipande kipana cha ngozi kinachoning'inia ubavuni, kwa kawaida mitatu kila upande, na inayofungwa ni miwili. Mpandaji akishakaa haioni. Watu hulipaka mafuta bawa la nje hadi ling'ae, huku mikanda ya ndani ikibaki na jasho la mwezi mzima. Jasho la farasi lina chumvi nyingi. Likikaukia kwenye ngozi huifanya ngumu, ngozi ngumu hupasuka inapokunjwa, na matundu ya bizimu hurefuka kwa kuvutwa kila siku. Tena kabla ya ngozi kufa, uzi hutangulia. Nimefumua matandiko ambayo ngozi yake ingeweza kutumika miaka mingine mingi, ilhali uzi wake ulikatika nilipoukwaruza kwa ukucha.

Baba alinifundisha kukagua mshono nikiwa nimefumba macho. Alinipa mkanda, akaniambia nipitishe kidole gumba polepole kutoka kwenye bizimu hadi nchani, kisha nimwonyeshe penye kasoro. Rangi mpya na mng'ao vinaweza kuuficha ufa machoni, lakini kidole lazima kikutane nao. Hivyo ndivyo ningependa kila mwanafunzi afanye kabla ya kupanda, liwe tandiko lake au la kuazima. Inua bawa. Shika mkanda mmoja mmoja, uvute chini kwa nguvu zako, ukunje kinyume uone kama ngozi inatoa nyufa, kisha kwaruza mshono kwa ukucha. Uzi ukiinuka au ukikatika, tandiko hilo lisipandwe siku hiyo, hata kama mwalimu anasubiri na farasi ameshatolewa bandani. Fanya vivyo hivyo kwa mikanda ya vikuku, hasa pale mkanda uliposhonewa bizimu lake. Kazi yote ni ya dakika chache.

Nikiwa bado kwenye mikanda ya vikuku, kuna jambo ambalo wapandaji wengi hawalijui. Tumezoea kupanda kwa upande wa kushoto wa farasi, na uzito wote wa mtu huning'inia kwenye mkanda wa kushoto kila anapopanda. Mkanda huo hurefuka kuliko mwenzake. Baada ya muda mpandaji anakaa upande, kiuno kinamuuma, na farasi naye anabeba mzigo uliolala. Dawa yake haina gharama: badilisha mikanda, wa kushoto uende kulia, mara kwa mara. Na ukiweza, panda kutoka kwenye kibao au ngazi fupi. Hilo huokoa ngozi, huokoa kiunzi cha tandiko, na zaidi huuokoa mgongo wa farasi ambao vinginevyo hupindwa kila unaponing'inia ubavuni mwake.

Mshipi wenyewe usiufunge mara moja ukaridhika. Farasi wengi hukaza kifua wanapofungwa, na baada ya hatua chache hulegeza, mshipi nao ukalegea. Funga kwa upole, mtembeze, kaza tundu moja, panda, tembea dakika chache, kisha kagua tena ukiwa juu. Kabla ya hayo yote, pitisha kiganja chini ya kifua chake na mahali tandiko litakapokaa. Tope lililokauka au mbegu ya nyasi iliyonasa kwenye manyoya, ikibanwa na mshipi kwa saa moja, hutoa kidonda kitakachochukua wiki kupona. Kwa hiyo brashi na kifaa cha kuchokolea kwato vilistahili kuwa juu kabisa katika orodha yenu, mbele ya koti. Jiwe lililokwama kwenye kwato humfanya farasi achechemee, na farasi anayechechemea anaweza kujikwaa akiwa na mtu mgongoni.

Sasa nije kwenye tandiko. Makala ilisema mwanafunzi achague tandiko linalomfaa yeye. Kweli, kiti kikiwa kidogo mno au kikubwa mno mtu hawezi kukaa sawasawa. Lakini ndani ya tandiko kuna kiunzi, cha mbao, chuma au plastiki ngumu, na kiunzi hicho kina upana wake. Mgongo wa farasi nao una upana wake. Kiunzi chembamba juu ya farasi mpana hubana misuli ya pande zote mbili za mabega. Kipana juu ya farasi mwembamba hushuka mbele hadi kikagusa mfupa. Farasi hana namna ya kulieleza hilo ila kwa mwili wake: analaza masikio akiona tandiko linakuja, anageuka kutaka kuuma mshipi unapofungwa, anakataa kusimama apandwe, anabonyea mgongo. Mara nyingi mno farasi wa namna hii huitwa mkorofi na kuchapwa. Inaniumiza kila ninapolisikia hilo, kwa sababu tandiko lake likifika kwangu na nikaligeuza chini juu, naona wazi kilichokuwa kikimuumiza.

Vipimo vyenyewe mwanafunzi yeyote anaweza kuvijifunza kwa siku moja. Mpandaji akiwa amekaa, kati ya upinde wa mbele wa tandiko na mfupa ulioinuka pale shingo inapokutana na mgongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Mfereji unaopita katikati chini ya tandiko uwe wazi kutoka mbele hadi nyuma, pasiwe na kitu kinachoegemea uti wa mgongo. Kiunzi kikae nyuma ya mfupa wa bega, kwa kuwa mguu wa mbele ukinyooshwa, ncha ya juu ya mfupa huo husogea nyuma na inahitaji nafasi. Na kwa nyuma tandiko lisivuke ubavu wa mwisho. Farasi ana jozi 18 za mbavu. Baada ya ile ya mwisho huanza kiuno, ambacho hakina mbavu za kukishikilia, na hakikuumbwa kubeba mtu.

Ukimaliza kupanda, vua tandiko na utazame jasho kabla halijakauka. Eneo lote lililofunikwa linapaswa kuwa na unyevu ulio sawasawa. Ukiona kiraka kikavu katikati ya manyoya yaliyolowa, mara nyingi hapo pamebanwa kiasi kwamba tezi za jasho zimeshindwa kufanya kazi. Ukikuta manyoya meupe yameota mahali ambapo farasi si mweupe, mara nyingi hayo ni makovu ya mbano wa zamani. Watu hukimbilia kuongeza blanketi nene chini ya tandiko linalobana. Wanaongeza unene pale pale palipokosa nafasi, na mbano unazidi. Tena farasi hubadilika: hunenepa, hukonda, hujenga misuli, huzeeka. Tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana linahitaji kuangaliwa upya mwaka huu, na kwa farasi mchanga anayekua, mapema zaidi.

Kuna pia suala la uzito, ambalo waandishi hulikwepa kwa kuogopa kuwaudhi wasomaji. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba farasi mwenye afya asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na hesabu hiyo inajumuisha tandiko na nguo za mpandaji. Farasi wa kilo 450 basi abebe kilo 90 kwa jumla. Tandiko la mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani linaweza kupita kilo 15 peke yake, kwa hiyo chaguo la tandiko linaingia moja kwa moja kwenye hesabu hiyo. Kumwambia mtu mzima mkweli kwamba anahitaji farasi mkubwa zaidi si matusi.

Kichwani mwa farasi nitapita haraka, ingawa ni mahali panapostahili barua yake. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa kwenye uwazi ulio kati ya meno ya mbele na magego, juu ya fizi tupu. Ikiwa fupi hubana midomo, ikiwa ndefu huteleza huku na huku na kuchubua. Iache itokeze kama nusu sentimita kila upande. Anayejifunza, ambaye mikono yake bado haijatulia, apewe lijamu laini iliyo rahisi kabisa, na asikubali ya kukaza taya eti kwa sababu farasi ni mkali. Mkanda unaozunguka pua uruhusu vidole viwili kuingia juu ya mfupa wa pua, hapo hapo juu, maana pembeni kwenye nyama vidole huingia hata ukiwa umebana sana. Mkanda wa kooni uruhusu ngumi kupita.

Mhariri, picha mliyoitumia na makala ile ilinifanya niweke gazeti chini. Kijana ametabasamu juu ya farasi mzuri wa kahawia, amevaa raba zenye soli nene, na mguu wake umezama ndani ya kikuku hadi kisigino. Sijui kama aliyeichagua aliliona hilo. Kikuku kimempa mpandaji uthabiti mkubwa, lakini pia kinaweza kuunasa mguu wake. Mtu akianguka mguu ukiwa umenasa, farasi huogopa, na farasi anayeogopa hukimbia. Ndiyo sababu buti la kupandia lina kisigino cha kama sentimita mbili na nusu, ili mguu usipenye wote, na soli yake ni laini, isiyo na meno, ili uchomoke upesi. Si suala la mtindo hata kidogo. Kikuku nacho kiwe kipana kuliko buti kwa kama sentimita mbili na nusu kwa jumla: kikibana, mguu hautoki, na kikiwa kipana mno, mguu mzima hupita. Kwa watoto napendekeza vikuku ambavyo upande wa nje una mpira mnene badala ya chuma, ili mguu ukivutwa mpira uchomoke na mtoto awe huru. Na kile kishikizo kidogo kwenye chuma kinachobeba mkanda wa kikuku kiachwe wazi, ili mkanda wenyewe uweze kuteleza na kutoka.

Wapo watakaosema kwamba watu walipanda farasi kwa maelfu ya miaka bila vikuku wala tandiko lenye kiunzi, na ni kweli. Sanamu iliyopatikana katika kaburi la mwaka 302 karibu na Changsha, China, inaonyesha kikuku kimoja tu, cha upande wa kushoto, ambacho huenda kilitumika kupandia. Katika kaburi la Feng Sufu, mtu wa ukoo wa kifalme huko huko China aliyefariki mwaka 415, vilikutwa vikuku viwili. Kwa hiyo jozi ya vikuku ni kitu kipya ukilinganisha na umri wa upandaji wenyewe. Lakini waliopanda bila vikuku hawakuwa na kitu cha kunasa miguu yao. Sisi tumeshaongeza kikuku, basi hatuna budi kuongeza na buti.

Kuhusu helmeti sina ubishi nanyi, ila mlisema helmeti bila kusema ipi. Ya baiskeli haifai. Ya farasi hushuka zaidi kisogoni, na chini ya baadhi ya viwango, kikiwemo cha ASTM F1163 cha Marekani, hujaribiwa kwa kugongeshwa kwenye ukingo mkali unaofanana na ukingo wa kwato. Tafuta ndani yake alama ya kiwango: hiyo ya Marekani, au EN 1384 ya Ulaya, au PAS 015 ya Uingereza. Ivae, tikisa kichwa kabla ya kufunga mkanda wa kidevuni. Ikicheza, si saizi yako. Nywele zisifungwe fundo chini yake. Ikishapigwa chini kwa nguvu, hata ukiwa hujaona ufa, ibadilishe, kwa sababu povu gumu la ndani hujiminya mara moja ili kunyonya kishindo na halirudi. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue helmeti iliyotumika, na usiirithi kwa ndugu yako, maana huwezi kuyaona yaliyoipata.

Bado nakutana na watu wazima wenye ujuzi wanaoamini helmeti ni ya wanaojifunza. Mpandaji Courtney King-Dye aliiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008, katika dressage, mchezo wa kumwongoza farasi afanye hatua za mpangilio. Mwaka 2010, akiwa mazoezini bila helmeti, farasi wake alijikwaa, naye akaumia ubongo na kuingia katika koma. Alijikwaa tu! Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya London, Charlotte Dujardin wa Uingereza alishinda dhahabu akiwa na helmeti kichwani, wakati ambapo katika mchezo huo wengi walivaa kofia ndefu ya heshima. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, liliifanya helmeti kuwa lazima katika mchezo huo tangu mwaka 2021. Kama walio bora duniani wamelazimishwa, mwanafunzi asitafute udhuru.

Sitaki hata hivyo mtu adhani helmeti ni hirizi. Mwigizaji Christopher Reeve alipoanguka mwaka 1995 alikuwa ameivaa, pamoja na kizibao cha kinga, na bado alivunjika shingo. Helmeti hulinda fuvu na ubongo. Kizibao cha kinga hupunguza kishindo kwenye mbavu na viungo vya ndani, nami nakipendekeza kwa kila anayeruka vizuizi au anayepanda farasi asiyemzoea. Shingo haina kinga ya kuaminika. Hapo linabaki suala la mwalimu mzuri, farasi mtulivu, na mikanda isiyokatika.

Suruali? Ile isiyo na mshono mnene ndani ya goti inatosha. Glavu husaidia hatamu zinapolowa. Pete na hereni za kuning'inia ziachwe nyumbani. Zaidi ya hapo sina la kusema kuhusu nguo.

Mwenye uwezo mdogo aniamini ninapomwambia kwamba vitu viwili tu ndivyo vya kununua vipya: helmeti na buti, na hata buti linaweza kuwa la kawaida alimradi lina kisigino na soli niliyoieleza. Tandiko lililotumika si vibaya kulinunua. Ngozi nzuri iliyotunzwa huzidi umri wa mtu. Lakini hapa nataka niwatahadharishe wazazi. Hivi karibuni mama mmoja aliniletea tandiko alilomnunulia binti yake kwa mtu, akiomba nilisafishe tu na kulipaka mafuta. Lilikuwa linang'aa tayari. Nililishika kwa namna ninavyolishika kila tandiko ninalolipokea, na kiunzi kilikuwa kimevunjika mbele. Aliyemuuzia alikuwa amelipaka rangi nzuri sana.

Namna ya kulijua hilo kabla ya kutoa fedha ni hii. Liegemeze tandiko kwenye paja lako kwa upande wa nyuma, shika upinde wa mbele kwa mikono miwili, uvute kuelekea kwako. Kiti kinaweza kunepa kidogo, hilo si kosa, lakini kisikunjike, kisitoe mlio, na ngozi ya kiti isifanye mikunjo ya kukatiza. Kisha shika pande mbili za upinde wa mbele, zivute nje na kuzibana ndani. Hazipaswi kusogea hata kidogo. Zikisogea, au ukisikia mlio kama wa chuma kinachosuguana, usilinunue kwa bei yoyote, wala usimlipe fundi alishone. Ukiwa umeshalinunua, fungua vikuku na mikanda yake kama bado ni mizima uihifadhi, kisha likate bawa moja ili asitokee mtu wa kuliuza tena.

Wako katika usomaji,
Fundi wa matandiko